Mume Halali Usiku, Anajenga Injini!

  

Mwezi huu nimeiweka pembeni mada niliyokuwa nimeiandaa. Sababu ni ujumbe nilioupata kutoka kwa dada mmoja wa Sumbawanga, mkoani Rukwa. Niliposoma mara ya kwanza nilicheka. Niliposoma mara ya pili niliacha kucheka, maana ndani yake kuna ndoa ya miaka saba, kuna watoto wawili, na mwenye ndoa ameshafungasha nguo. Jina lake nalihifadhi. Hebu soma mwenyewe:

"Anti, shikamoo. Mimi naishi hapa Sumbawanga mjini, nina watoto wawili, ndoa yangu ina miaka saba. Mume wangu ni fundi magari. Hanywi, hanipigi, hela ya matumizi anaacha. Tatizo ni usiku. Tangu aletewe kompyuta iliyotumika na rafiki yake kutoka Dar, tukishakula tu anaikalia mpaka saa nane, saa tisa. Nikimwita anasema nakuja, haji. Nikajua ni mwanamke. Nikamvizia, nikakuta haongei na mtu, anapanga vyuma! Anasema ni gemu la kutengeneza magari, na yeye anatafuta injini ambayo haijawahi kutokea. Nikanyamaza. Juzi nafagia chumba cha watoto, maana siku hizi analala huko eti asinisumbue, nikakuta kaunta buku chini ya godoro. Ndani kuna pembetatu, kuna nyota, kuna misalaba na herufi H, W na X, zote zimezungushiwa vinamba. Anti, wewe unajua huku kwetu. Nilitetemeka. Nikampelekea mama mkwe, naye akasema tuite wazee. Na kingine: tuna akiba ya misimu mitatu ya mahindi na maharage, tulikubaliana tununue Kirikuu nibebe mpunga kutoka bondeni. Sasa kageuka, anataka Subaru, eti injini yake imelala. Anti, injini ikilala mimi nitakula nini? Nimefungasha. Nisubiri jibu lako au niende zangu kwetu Laela?"

Marahaba, mwanangu. Fungua begi hilo kwanza, nguo zisikunjamane, halafu kaa chini tuongee. Na wewe msomaji ambaye mumeo hajui hata plagi inakaa wapi, usifunue ukurasa. Kuna kitu chako humu.

HUO SI UCHAWI

Najua jina la mji wenu lenyewe husemwa lina maana ya "tupa uchawi", na watu wa mikoa mingine wanalichezea sana. Lakini kaunta buku la mumeo halina uchawi wowote. Gemu analocheza lipo na linajulikana. Linaitwa Automation, limetengenezwa na kampuni ya Camshaft Software ya New Zealand, na tangu mwaka 2015 linauzwa kwenye duka la mtandaoni la Steam. Humo hakuna kupigana risasi wala mwanamke aliyevua nguo. Mchezaji anaanza bila kitu. Anachagua injini iwe na silinda ngapi, zipangwe kwa mstari, kwa herufi V au zilale. Anachagua upana wa pistoni na kimo inachopanda, kranki iwe ya chuma gani, turbo iwepo au isiwepo. Akimaliza anaiwasha kwenye mtambo wa kupimia, anaona nguvu, ulaji wa mafuta, mtetemo, uimara na gharama. Kisha anaijengea gari.

Sasa kwa fundi aliyeshinda gereji mchana kutwa akifunga injini ambazo wengine walizibuni, hebu fikiria raha anayoipata usiku pale anapobuni ya kwake. Na gemu halina kila mpangilio, ndiyo maana mwenzio akaamua kuchora kwenye daftari. Ile pembetatu ni injini, ile nyota ni injini, na zile herufi ni injini pia. Nitazieleza moja moja, lakini tuanze na zile unazoziona kila siku hapo mjini, kwa sababu dawa ya ndoa yako imo humo humo.

SILINDA MOJA: WA KUJITUMA PEKE YAKE

Ukipita karibu na mashine ya kusaga unaisikia inavyogonga, tuk, tuk, tuk. Nyingi ya zile za dizeli zina silinda moja tu. Bodaboda nayo ni hivyo hivyo. Pistoni ina kazi nne: kuvuta hewa, kuibana, kusukumwa na mlipuko, na kutoa moshi. Kwa kazi zote nne kranki inazunguka mara mbili, na katika mizunguko hiyo miwili nguvu inatoka mara moja tu. Sehemu tatu zilizobaki injini inajiendea kwa deni!

Nani analipa deni hilo? Ni lile gurudumu zito la pembeni, fulaiwili. Linabeba nguvu ya mlipuko mmoja mpaka mlipuko mwingine ufike. Liondoe uone, mashine inazima palepale.

Kuna ndoa za silinda moja, na nyingi tu. Mmoja ndiye anayelima, anayelipa ada, anayeomba msamaha, anayeamsha mapenzi. Zinakwenda, sikatai, lakini kwa mtikisiko, na zinakwenda kwa sababu kuna gurudumu zito mahali fulani: uvumilivu wa mama, au ndugu wanaosaidia kimyakimya. Mwanangu, nikisoma barua yako naona mume anaacha hela ya matumizi na wewe unahangaika na mpunga. Ninyi si silinda moja. Hilo ni la kushukuru kabla hujabeba begi.

TATU, NNE, TANO, SITA

Kirikuu unayoitamani, yaani ile Suzuki Carry ndogo, ina silinda tatu na ujazo wa sisi 660. Passo nyingi na baadhi ya Vitz ndogo nazo zina silinda tatu. Injini ya namna hii ni nyepesi na hainywi mafuta sana, ila ina tabia ya kuyumba kwa urefu wake, upande mmoja unainuka huku mwingine unashuka. Ndiyo maana ukiwa umesimama taa nyekundu usukani unakutekenya mikono.

Noah, Corolla na Hiace zina silinda nne kwa mstari. Hapa kila nusu mzunguko kuna mlipuko. Mmoja akimaliza kusukuma, mwingine anaanza palepale. Ni sawa, lakini angalia vizuri: kuna nukta moja katikati ambapo wa kwanza ameshachoka na wa pili hajashika. Kwa nukta hiyo hakuna anayesukuma. Ndoa ngapi zimevunjikia kwenye nukta ya namna hiyo? Mume kafukuzwa kazi, mke ndiyo kwanza anaanza biashara. Hakuna mwenye kosa, ila gari linatetemeka.

Silinda tano si za kawaida, lakini Ufipa zimefika. Land Rover aina ya Td5, iliyoanza mwaka 1998, ina dizeli ya silinda tano. Na hapo ndipo jambo linapobadilika: kuanzia tano kwenda juu, mwenzio anaanza kusukuma kabla wewe hujamaliza. Ile nukta tupu inatoweka.

Halafu kuna sita kwa mstari, malkia wao! Ndiyo imo ndani ya Land Cruiser nyingi za mkonga, dizeli ya lita 4.2 iliyoanza kuuzwa mwaka 1990, na ndiyo imo kwenye Scania 113 zinazobeba mahindi yenu. Pistoni sita zikipangwa hivyo mitikisiko yao mikubwa inafutana yenyewe kwa yenyewe, bila kuongezewa kifaa chochote. Mwulize mumeo mpangilio wake wa moto, atakuambia bila kufikiri: moja, tano, tatu, sita, mbili, nne. Zitazame namba hizo. Hakuna majirani wawili wanaolipuka wakifuatana. Akilipuka wa kwanza, jirani yake wa pili anatulia, anayefuata yuko mbali kabisa. Jamani, kama kuna somo moja nataka wanandoa wachukue mwezi huu ni hilo. Mwenzako akilipuka, zamu yako bado! Subiri. Mkilipuka wote kwa pamoja mnaipinda kranki.

WALE WA VEEITI

Kuna dada zetu hawataki kusikia habari za mstari. Wao ni Veeiti tu. Tangu lami ya kutoka Tunduma ijengwe kwa msaada wa Marekani, katika mpango wa mwaka 2008 hadi 2013, mashangingi ya waheshimiwa yanaingia Sumbawanga bila hata kuchafuka tairi, na mabinti wanageuza shingo.

V8 ni injini nne mbili zilizoegemeana kama watu wawili waliopeana migongo ya chini, mabega yakiachana, kwenye kranki moja. Faida yake kubwa ni ufupi. Silinda nane kwa mstari zingehitaji boneti ndefu kama jeneza. Ile dizeli ya V8 ya Land Cruiser ilianza mwaka 2007, lita 4.5, turbo mbili. Ni kweli ina nguvu.

Lakini sikia kichekesho. Mwaka 2021 Toyota ilitoa Land Cruiser mpya, ile ya 300, na V8 haimo! Ndani kuna V6, iwe ya petroli au ya dizeli, na inaizidi nguvu ile ya zamani. Watu wanaendelea kuiita Veeiti. Kwa hiyo kuna shosti yangu anajigamba amepata mwenye Veeiti, kumbe amepanda V6 na hajui. Hii ndiyo hatari ya kupenda jina la nje bila kufungua boneti. Mwanaume wa kweli humjui kwa sauti ya ekzosi.

INJINI ILIYOLALA

Sasa tuje kwa huyo Subaru anayekukosesha usingizi. Mumeo akisema injini imelala hana maana kwamba haifanyi kazi. Ana maana kwamba silinda zake hazikusimama wima, zimelala kulia na kushoto kwa kranki. Pistoni ya kulia ikitoka nje, mwenzake wa kushoto naye anatoka nje kwa wakati uleule. Ikirudi, naye anarudi. Wanaachana pamoja, wanakutana pamoja, na kila mmoja anaufuta mtikisiko wa mwenzake. Mjerumani Karl Benz ndiye aliyeibuni mwishoni mwa miaka ya 1890. Ile Volkswagen ya mgongo wa kobe waliyoendesha babu zenu ilikuwa nayo, na Subaru wameishikilia tangu mwaka 1966.

Uzuri wake ni kwamba uzito uko chini, gari linashika barabara kwenye kona. Ubaya wake atakuambia fundi yeyote asiyetaka kukuuzia. Ina silinda hedi mbili badala ya moja, kwa hiyo gasketi za kuvuja oili nazo ni mara mbili. Plagi ziko ubavuni, zimebanana na bodi, kuzifungua ni kuchubuka vidole.

Kwa hiyo mumeo hajachanganyikiwa. Anapenda injini ambayo watu wawili wanavutana kila mmoja upande wake na bado gari linatulia. Sijui kama anajua, lakini hiyo ni picha ya ninyi wawili kwa sasa: wewe bondeni kwenye mpunga, yeye kwenye kompyuta. Tofauti ni moja tu. Pistoni za Subaru zimeungwa kwenye kranki moja, na kila mzunguko ni lazima zirudi katikati. Ninyi nani anawarudisha?

PEMBETATU, NYOTA NA HERUFI

Haya, tufungue kaunta buku. Nyota ni injini ya ndege za zamani. Silinda zimezunguka kranki kama mishale ya jua. Ndege za Dakota, zilizowahi kurushwa na East African Airways, zilikuwa nazo, na ile iliyotumika zaidi ilikuwa na silinda 14, safu mbili za saba saba. Kwa nini saba na si nane? Kwa sababu moto unaruka mmoja: wa kwanza, wa tatu, wa tano, wa saba, kisha wa pili, wa nne, wa sita. Safu ikiwa na idadi ya shufwa mpango huo hauendi. Kila mtu anapata zamu yake, hata aliyerukwa mzunguko wa kwanza. Wake wenza wangelijua hilo!

Pembetatu iliyokutetemesha inaitwa Deltic, ya kampuni ya Napier ya Uingereza. Ilitengenezwa kwa ajili ya boti za kivita, baadaye ikawekwa kwenye treni: vichwa 22 vilivyoanza kazi mwaka 1961, kila kimoja kikiwa na injini mbili na jumla ya nguvu farasi 3,300. Silinda zake 18 zimepangwa pembetatu, na kila kona kuna kranki. Silinda moja ina pistoni mbili zinazotazamana uso kwa uso, wala hakuna kifuniko katikati. Na ili hesabu ikubali, kranki moja kati ya tatu ni lazima izunguke kinyume na wenzake! Wakati mwingine hata kwenye familia yule anayeonekana kwenda kinyume ndiye anayeifanya mashine izunguke. Lakini ikiharibika, mafundi hawakuhangaika nayo ndani ya treni. Waliitoa nzima wakaweka nyingine. Mke au mume huwezi kumfanyia hivyo.

W ni ya Bugatti Veyron ya mwaka 2005, silinda 16, lita 8, turbo nne. Ni ya kuangalia kwenye picha. X ni kama V mbili zilizogeuziana migongo kwenye kranki moja. H ndiyo yenye kisa. Waingereza wa timu ya BRM walichukua injini mbili za kulala zenye silinda nane kila moja, wakazibebanisha moja juu ya nyingine, wakaziunganisha kwa gia. Ikawa nzito, ikawa na vipuri vingi, ikawa inaharibika ovyo. Katika mashindano yote makubwa ya Formula 1 ilishinda mara moja tu, mwaka 1966 kule Watkins Glen, Marekani, Jim Clark akiwa kwenye usukani wa gari la Lotus. Ndoa ya kulazimisha watu wawili wabebane juu kwa chini nayo hushinda siku moja, siku ya harusi.

WAFIPA WALISHAYAONA HAYA

Mama mkwe anataka mwite wazee. Mimi nasema waiteni, lakini muwaulize swali hili: wahunzi wa zamani wa Ufipa walikuwa wanalala wapi?

Kabla hata ya wazungu kuja, Wafipa walikuwa mabingwa wa chuma. Walijenga matanuru marefu ya udongo, malungu, yenye urefu wa karibu mita 3, na mabaki yake bado yapo sehemu mbalimbali za nyanda zenu. Ajabu yake ni kwamba tanuru kubwa halikupulizwa na mvukuto. Lilivuta hewa lenyewe kupitia matundu ya chini, kwa sababu ya urefu wake. Chuma kilichotoka kikapelekwa kwenye tanuru dogo, na hilo ndilo lililopulizwa kwa mivukuto. Hatua mbili, kama turbo vile! Kwa hiyo mumeo kupenda kubuni mitambo usiku hakuanza yeye. Kuna damu.

Na hapa ndipo mambo ya ukurasa wetu yanapoingia. Tanuru lilihesabiwa kuwa ni bibi harusi. Lilipambwa, likaimbiwa, na chuma kikawa ndiyo mtoto. Wahunzi walipokuwa kazini walikatazwa kulala na wake zao, maana ingekuwa ni kumsaliti yule bibi harusi wa udongo, na chuma kingeharibika. Yaani mwanaume kuacha kitanda kwa ajili ya mtambo ni jambo ambalo bibi zako wa Ufipa walilijua na kulikubali.

Lakini hawakulikubali kiholela. Angalia tofauti tatu. Kwanza, kijiji kizima kilijua mume yuko wapi na anafanya nini. Pili, kilichotoka kilikuwa jembe, na jembe lile liliingia mikononi mwa mke shambani. Tatu, na hili ndilo kubwa, kazi ilikuwa na mwisho. Chuma kikitoka, moto unazimwa, mume anarudi nyumbani.

Mumeo ana tanuru lisilo na siku ya kuzimwa. Hapo ndipo ninapokuunga mkono mia kwa mia. Si kosa lake kupenda injini. Kosa lake ni kuhama kitanda bila tarehe ya kurudi.

SASA MNUNUE NINI?

Kwenye hela siwezi kupepesa macho, maana ni jasho la misimu mitatu. Baba, kama unasoma: akiba iliyopangwa na wawili haibadilishwi na mmoja, hata kama injini ya ndoto zake imelala, imesimama au imepiga magoti. Subaru ni gari zuri, ila halijatengenezwa kubeba mpunga. Utaweka magunia mawili nyuma na harufu ya pumba haitoki.

Na wewe mwanangu, sikiliza, maana hili hutalipenda. Kirikuu kule Japani imewekewa kikomo cha mzigo: kilo 350. Hayo ni magunia matatu na nusu ya kilo 100, si magunia kumi kama unavyoona watu wanavyojaza. Halafu kumbuka njia yako. Ziwa Rukwa liko karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari, Sumbawanga iko karibu mita 1,800. Mpunga wako unapanda ukingo wa Lyambalyamfipa, karibu kilomita nzima kwenda juu. Na kila unapopanda mita 1,000, hewa inapungua na injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu. Ikifika juu, Kirikuu ambayo ilikuwa ndogo tangu bandarini imeshapoteza karibu moja ya tano. Kupanda ni shida, na kushuka na mzigo kwa breki zilizochoka ni shida zaidi.

Kwa hiyo nyote wawili mmependa gari kabla ya kupenda kazi yake. Sasa nakupa la kufanya. Leo usiku watoto wakishalala, chukua stuli, kaa pembeni yake. Usimwambie zima. Mwambie hivi: "Baba fulani, nijengee humo injini ya kupandisha magunia sita kutoka bondeni, isile mafuta faida yote." Halafu nyamaza umwangalie. Muulize kwa nini ameweka nne na si tatu, kwa nini ameweka turbo, itagharimu kiasi gani ikiharibika. Kama ni fundi wa kweli, usiku huo hatatafuta injini ambayo haijawahi kutokea. Atatafuta ya kwako.

Mkishapata jibu kwenye kompyuta, kesho yake mtembee pamoja mjini mkaulize: ipi ina spea hapa hapa, ipi wenzake wanaijua kuifungua? Huenda jibu likawa kigari cha bodi cha silinda nne kilichotumika, huenda likawa kukodi nafasi kwenye Fuso kwa msimu mmoja zaidi na kuacha akiba ilale benki. Vyovyote, uamuzi uwe wa wawili.

Baada ya hapo mwekeane sheria, kama wahunzi. Gemu siku tatu kwa wiki, mwisho saa nne usiku. Kaunta buku likae mezani, si chini ya godoro. Kitu kikifichwa chini ya godoro mke ana haki ya kutetemeka, hata kikiwa ni hesabu ya Mungu. Na godoro la chumba cha watoto libaki la watoto. Baridi ya Sumbawanga naijua mimi, mwezi wa saba si wa kulala mmoja mmoja!

Akikataa yote haya, akasema kompyuta kwanza na wewe baadaye, niandikie tena. Laela haihami, begi utalifungasha kwa utulivu na sababu utakuwa nayo. Lakini usivunje nyumba kwa sababu ya pembetatu ambayo hujaiuliza maana yake.

Wapenzi wasomaji, wangapi humu tunaishi na mtu mwaka wa kumi na hatujawahi kumuuliza kile kinachomkesha kina utamu gani? Kuna anayekesha na mpira, kuna anayekesha na vikoba, kuna anayekesha na tamthilia za Kituruki. Muulize leo. Ukisikia jibu ndipo uamue kama ni la kugombana.

Kwa leo naweka kalamu chini. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya mawifi wanaojua nywila ya simu ya kaka yao kuliko mke. Siwataji, wanajijua! Mbaki salama.